Tundu la Moyo: Kisu na Mrija Visigombanishwe

Hapana mzazi anayependa kusikia kwamba kifua cha mwanawe kitapasuliwa. Kwa hiyo si ajabu kwamba tangu habari zilipoenea kuwa tundu la moyo laweza kuzibwa kwa mrija mwembamba unaopitishwa kwenye mshipa wa paja, bila ya kisu kugusa kifua, wengi wamekwisha kuamua mioyoni mwao kwamba mrija ndio tiba ya kisasa na kisu ni tiba ya zamani. Fikra hiyo ikiishia barazani, kwenye kahawa, haina madhara makubwa. Lakini ikiingia katika ofisi zinazopanga matumizi ya fedha za umma, au ikimfanya mzazi aikatae siku ya upasuaji aliyopangiwa ili angojee mrija, hapo huwa ni jambo la uhai na mauti. Gazeti hili linaona yafaa lizungumzwe waziwazi.

Kwanza tuujue ugonjwa wenyewe. Katika kila watoto 1,000 wanaozaliwa duniani, wapatao 8 hadi 10 huzaliwa na kasoro ya moyo. Wengine wana tundu katika ukuta unaotenga vyumba vya moyo, wengine mshipa uliokuwa wazi wakiwa tumboni haukujifunga baada ya kuzaliwa, wengine vali yao ni nyembamba mno, na wengine mishipa mikuu imekaa pasipo mahali pake. Kasoro hizi ni mbali na ule ugonjwa wa moyo unaotokana na homa ya baridi yabisi, ambao huwapata watoto wakubwa baada ya maradhi ya koo yasiyotibiwa vyema. Aghalabu sababu ya kasoro ya kuzaliwa nayo haijulikani. Si laana, si uchawi, wala si kosa la mama. Zipo chache ambazo chanzo chake ni maradhi ya rubela yaliyompata mama katika miezi ya mwanzo ya mimba, na kwa hizo kinga ipo: ni ile chanjo ya surua na rubela iliyoanza kutolewa nchini mwetu mwaka 2014. Anayemkosesha mtoto wa kike chanjo hiyo leo huenda anamkosesha mjukuu moyo mzima kesho.

Sasa tuje kwenye hizo njia mbili. Wanaodhani kwamba kisu ni cha kale na mrija ni wa jana watastaajabu wakisoma historia. Mwaka 1929, katika mji wa Eberswalde nchini Ujerumani, daktari kijana Werner Forssmann alijipitishia mrija katika mshipa wa mkono wake mwenyewe hadi ndani ya moyo. Alilaumiwa sana kwa kitendo hicho, na mwaka 1956 akapewa sehemu ya Tuzo ya Nobel kwa ajili ya kitendo hicho hicho. Miaka tisa baada ya mrija wa Forssmann, yaani mwaka 1938, ndipo Robert Gross alipomfungua kifua msichana wa miaka saba mjini Boston na kuufunga mshipa ambao haukujifunga wenyewe. Mwaka 1953, mjini Philadelphia, John Gibbon aliziba tundu la moyo huku damu ya mgonjwa ikizungushwa na mashine iliyofanya kazi ya moyo na mapafu. Mwaka 1967 Werner Porstmann, katika Berlin ya Mashariki, aliuziba mshipa kama ule wa Boston bila ya kufungua kifua, na mwaka 1982 Jean Kan na wenzake mjini Baltimore walitangaza kwamba wameitanua vali nyembamba ya mapafu kwa puto dogo lililobebwa na mrija. Njia hizi mbili, basi, zimekua pamoja kama ndugu wa nyumba moja.

Ni kazi gani mrija unaifanya vizuri? Daktari huuingiza kwenye mshipa wa paja, akauongoza hadi moyoni huku akiutazama kwa eksirei na kwa kipimo cha eko. Ndani ya mrija hukunjwa kizibo kilichosukwa kwa nyuzi za nitinoli, madini yaliyochanganywa kwa nikeli na titani, yenye tabia ya kurudia umbo lake pindi yanapoachiwa. Kikifika mahali pake hufunguka kama visahani viwili vilivyounganishwa kwa shingo fupi, kimoja upande huu wa tundu na kimoja upande wa pili. Baada ya miezi kadhaa nyama ya moyo hukua juu yake ikakifunika. Kwa mshipa ambao haukujifunga, kwa tundu lililo katikati ya ukuta wa vyumba vya juu vya moyo, na kwa vali nyembamba ya mapafu inayotaka kutanuliwa, njia hii leo ndiyo ya kwanza kufikiriwa kwa watoto wengi ambao maumbile ya kasoro yao yanaruhusu.

Faida zake si za kubuni. Hapana mfupa unaokatwa, hapana mashine ya kuzungusha damu, kovu ni dogo, na aghalabu mtoto hutoka hospitali baada ya siku moja au mbili. Utafiti uliochapishwa Marekani mwaka 2002 uliwalinganisha wagonjwa 442 waliozibwa tundu la vyumba vya juu kwa kizibo cha mrija na wengine 154 waliopasuliwa. Kufanikiwa kwa njia hizo mbili hakukupishana sana. Lakini matatizo baada ya tiba yalikuwa asilimia 7.2 kwa waliozibwa kwa mrija na asilimia 24 kwa waliopasuliwa, na siku za kulala hospitali zilikuwa kwa wastani 1 dhidi ya 3.4. Msomaji mwangalifu atatambua kwamba wagonjwa hao hawakugawiwa kwa kura, na kwamba utafiti ule ulihusu aina moja tu ya tundu. Hata hivyo, kwa tundu la aina hiyo, ushahidi wa upande wa mrija ni wa kuaminika.

Kosa ni kuuchukua ushahidi wa tundu moja ukaufanya hukumu ya matundu yote. Kizibo kinahitaji ukingo wa kushikia. Tundu lililokaa chini kabisa ya ukuta, karibu na vali, au juu kabisa, mahali damu inapoingilia kutoka mwilini, kwa kawaida halina ukingo wa kutosha, na hilo ni la kisu. Tundu kubwa baina ya vyumba vya chini kwa mtoto mchanga nalo, mara nyingi, ni la kisu, kwa kuwa karibu nalo hupita njia ya umeme inayoendesha mapigo ya moyo, na kizibo kikiibana njia hiyo moyo huweza kupoteza mwendo wake hata mtoto akahitaji betri ya moyo maisha yake yote. Upasuaji nao una hatari hiyo, lakini mpasuaji huona anapopitisha sindano. Tetralojia ya Fallot, ambayo ni kasoro nne kwa pamoja, inarekebishwa kwa upasuaji. Mtoto ambaye mishipa yake mikuu miwili imebadilishana mahali anahitaji upasuaji katika wiki za mwanzo za uhai wake. Hapana mrija unaoweza kuihamisha mishipa hiyo.

Aidha, mrija nao una hatari zake. Kizibo huweza kuchomoka kikachukuliwa na damu hadi pasipo pake, na kikishindwa kunaswa kwa mrija, ni mpasuaji atakayeitwa kukitoa. Mara chache sana, hata baada ya muda, huweza kusugua ukuta wa moyo hadi ukatoboka. Mshipa wa paja wa mtoto mdogo huweza kuumia. Mtoto hupata mionzi ya eksirei, na baada ya kuwekewa kizibo yampasa kuangaliwa kwa miaka, siyo kwa wiki. Mambo haya hayaondoi thamani ya njia hiyo, ila yanatuonyesha kwamba chumba cha mrija kisicho na mpasuaji karibu ni mashua iliyotoka bandarini bila ya kata ya kufutia maji.

Upasuaji nao tuutendee haki. Ni kweli kwamba mfupa wa kifua hukatwa na huchukua kiasi cha wiki sita hadi nane kuunga, kwamba mtoto hulala katika chumba cha uangalizi maalumu, na kwamba damu ya akiba lazima iwepo. Lakini kiraka kilichoshonwa vizuri hufuata umbo la tundu lolote, hakihitaji ukingo, na mpasuaji aweza kurekebisha kasoro tatu au nne kwa mkupuo mmoja. Matokeo yake tumekwisha kuyaona kwa zaidi ya miaka 70, tangu waliopasuliwa wakiwa watoto hadi wakawa wazee. Hicho ni kipimo ambacho vizibo vya leo bado havijakifikisha.

Tena njia hizi husaidiana. Yule mtoto wa mishipa iliyobadilishana mahali, tangu mwaka 1966 madaktari wamejua kumpa muda kwa kupanua kitundu kidogo baina ya vyumba vya juu vya moyo kwa puto la mrija, njia iliyobuniwa na William Rashkind, ili damu safi ichanganyike mpaka siku ya upasuaji. Na aliyepasuliwa tetralojia utotoni, ambaye vali yake ya mapafu imeanza kuvuja ukubwani, baadhi ya nyakati aweza kupandikiziwa vali mpya kwa mrija bila ya kufunguliwa kifua mara ya pili, jambo lililofanywa kwa mara ya kwanza mwaka 2000 mjini Paris na Philipp Bonhoeffer. Mtoto wa kwanza mrija ulimtangulia mpasuaji, na huyu wa pili mpasuaji aliutangulia mrija.

Kama ni hivyo, swali linalotupasa Visiwani si njia ipi ni bora. Swali ni hili: mtoto wa Micheweni au wa Makunduchi anafika mbele ya wataalamu akiwa na umri gani?

Hapo ndipo ulipo msiba wenyewe. Mtoto mwenye tundu kubwa hupeleka damu nyingi kupita kiasi katika mapafu yake. Mishipa ya mapafu huvumilia, kisha hukakamaa, na kadiri inavyokakamaa shinikizo hupanda. Likipita mpaka wake damu hugeuza mwendo, midomo na kucha huwa za rangi ya samawati, na kuanzia hapo tundu halizibiki tena kwa kisu wala kwa mrija, maana kuliziba ni kumuua mgonjwa. Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta. Katika moyo mambo ni mazito zaidi ya methali hiyo: ufa usipozibwa kwa wakati wake, hata ukuta haujengeki. Tundu kubwa la vyumba vya chini lahitaji kuzibwa, kwa kawaida, kabla mtoto hajatimiza mwaka. Tundu la vyumba vya juu humpa mtoto muda, na wengi huzibwa wakiwa na umri wa miaka mitatu hadi mitano. Lakini anayeletwa akiwa na miaka kumi na mitano huenda akawa amechelewa kwa njia zote mbili.

Nchi yetu haiko tena pale ilipokuwa. Kwa miaka mingi watoto wa Unguja na Pemba wenye maradhi haya iliwabidi wasafiri hadi India au Israel, na waliobahatika kupata nafasi walikuwa wachache kuliko wenye haja. Upasuaji wa kufungua moyo ulianza Muhimbili mwaka 2008, na mwaka 2015 ikaanzishwa Taasisi ya Moyo ya Jakaya Kikwete, ambako leo kisu na mrija vyote viwili hutumika kwa watoto. Safari iliyokuwa ya kuvuka bahari ya Hindi imekuwa ya kuvuka mlango wa bahari tu. Basi ikiwa tiba imesogea hivyo, na mtoto bado anachelewa, kuchelewa huko ni kwetu wenyewe.

Kwa wakubwa wa Serikali, tuna mambo matano ya kusema.

La kwanza, uchunguzi uanze pale mtoto anapozaliwa na anapochanjwa. Kipima oksijeni kinachofungwa kwenye mkono wa kulia na mguu wa mtoto mchanga, kabla mama hajaruhusiwa kurudi nyumbani, ni chombo kidogo, na huweza kugundua kasoro zile za hatari kabisa. Lakini matundu ya kawaida chombo hicho hakiyaoni, kwa kuwa rangi ya damu mwanzoni haibadiliki. Hayo husikika kifuani, na mlio wake mara nyingi hudhihirika baada ya wiki kadhaa. Mtoto huletwa kliniki akiwa na wiki 6, 10 na 14 kwa ajili ya chanjo. Muuguzi aliyefundishwa kusikiliza moyo siku hizo tatu ataokoa wengi bila ya Serikali kujenga jengo jipya hata moja.

La pili, hospitali za wilaya zilizojengwa Unguja na Pemba katika miaka ya karibuni zipate mashine za eko na, muhimu zaidi, watu wa kuzitumia. Mashine iliyofunikwa kwa shuka kwa kukosa fundi ni fedheha kuliko kukosa mashine. Picha za eko hivi leo zaweza kutumwa kwa mtandao zikasomwa Dar es Salaam siku hiyo hiyo, na mtoto asivushwe bahari mpaka ijulikane anakwenda kufanyiwa nini na siku gani.

La tatu, uamuzi wa kisu au mrija usiachwe kwa mtu mmoja, wala kwa mgeni aliyekuja kwa wiki moja na masanduku ya vizibo. Mpasuaji na mtaalamu wa mrija wakae meza moja, waitazame picha moja, watoe kauli moja. Kizibo cha msaada kisitiwe mahali panapohitaji kiraka kwa sababu tu kiraka hakimo katika sanduku.

La nne ni fedha. Hesabu ya tiba hii ina ujanja wake. Kizibo ni ghali na hununuliwa nje kwa fedha za kigeni. Upasuaji hautaki kizibo, lakini hutaka damu, dawa ya usingizi ya saa nyingi, na kitanda cha uangalizi maalumu, ambacho ndicho kitu adimu kuliko vyote. Kila mtoto anayezibwa kwa mrija huacha kitanda kwa yule asiye na njia nyingine ila kisu. Kwa hiyo anayeifutilia mbali bajeti ya vizibo kwa kuvihesabu kuwa anasa, huirefusha bila ya kujua foleni ya upasuaji. Mfuko wa Huduma za Afya Zanzibar, uliofika kwa wananchi tangu mwaka 2023, na Mfuko wa Bara, vikubaliane waziwazi juu ya gharama za njia zote mbili. Na nauli na malazi ya mama yahesabiwe kuwa ni sehemu ya tiba, kwani tiba ya bure iliyo ng'ambo ya nauli si ya bure.

La tano, tusiharakishe kujivunia majengo. Yawezekana msomaji akauliza: kwa nini sisi Visiwani tusiwe na kila kitu chetu wenyewe, kisu na mrija? Hamu hiyo ni njema, na gazeti hili halitamvunja moyo mwenye nayo. Lakini umahiri wa kazi hii hutokana na wingi wa kuifanya. Kasoro za moyo ni za aina nyingi, na kati ya watoto wanaozaliwa Visiwani wale wenye kasoro ya aina moja katika mwaka mmoja ni wachache. Daktari anayeweka vizibo vichache kwa mwaka hatalingana na anayeviweka kila wiki, na anayelipa tofauti hiyo ni mtoto. Tuanze kwa kuwapeleka vijana wetu wakasome na wakafanye kazi pale penye wagonjwa wengi, madaktari pamoja na wauguzi na mafundi wa mashine. Wakisharudi wakiwa kundi zima lililokamilika, vyumba vitajengwa kwa ajili yao. Tukianza na vyumba, tutabaki tukiwangoja watu.

Kwa wazazi, maneno yetu ni machache. Mtoto anayetoka jasho na kuchoka akinyonya, asiyeongezeka uzito, anayehema mbio hata akiwa amelala, au anayepatwa na kichomi mara kwa mara, asipewe dawa za kutuliza kifua mwaka mzima huku moyo wake haujasikilizwa. Na mkiwa mbele ya daktari, ulizeni: kasoro hii ni ya aina gani? Ina ukingo wa kushika kizibo? Mapafu yake yana shinikizo gani? Tukingoja, tunapoteza nini? Akisema kisu, msidhani amewanyima kilicho kizuri. Akisema mrija, msidhani amefanya mchezo. Na siku ya kurudi kuangaliwa ikifika, rudini, hata kama mtoto anakimbia na kucheza mpira na wenzake wa skuli.

Kadhalika tunawakumbusha watumishi wa umma wenye dhamana ya mambo haya kwamba mtoto mwenye tundu moyoni hana sauti katika kikao cha bajeti. Hawezi kuandika barua wala kupanga foleni mlangoni mwa ofisi. Yeye hungoja tu, na katika kungoja kwake mishipa ya mapafu yake haingoji. Kisu tunacho, mrija tunao, na vyote viwili viko umbali wa safari moja ya boti. Kilichobaki ni kumtambua mtoto mapema, na kazi hiyo yaweza kuanza katika kliniki ya chanjo wiki hii.